Kula Kwanza

Viazi vya matanga huwa vidogo. Sijui ni nani huvinunua, lakini miaka hii yote sijawahi kwenda kwenye matanga nikapata kiazi cha kujaza mkono. Siku ya kumuaga Mama Eliya nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa nyuma ya kanisa, Kawangware, kisu mkononi, gunia zima mbele yangu, na kando yangu wanawake wanne ambao hawakunijua. Jeneza lilikuwa bado njiani kutoka mochari. Upande wa mbele vijana walikuwa wanafunga tenti, wakibishana kamba ipi inaenda wapi. Mimi nimepita miaka hamsini na magoti yangu hayapendi ndoo, lakini waliponiletea kiti nilikataa. Mtu aliyekula chakula cha marehemu kama nilivyokula mimi, akifika kwenye matanga yake akakaa tu kama mgeni, huyo hana haya.

"Alikuwa mama mzuri, haki," mmoja wao akasema. "Mimi alinishonea nguo ya harusi."

"Mzuri ndiyo," akajibu mwenye sweta ya kijani, ambaye nilikuwa nimemwona tangu asubuhi akiamrisha kila mtu. "Lakini si mnajua ile story ya mtoto? Aliacha mafuta ya taa kwa chupa ya soda, mtoto akakunywa. Ndiyo bwana akamfukuza. Ndiyo maana unaona hata leo anazikwa bila kitambaa cha akina mama wa kanisa."

"Woi! Mtoto wake mwenyewe?"

"Wa kuzaa. Na alikuwa huyo mmoja tu."

Kisu kikateleza kikanikata kidole. Mwenye sweta akasema, "Mathe, umejikata," nikamjibu si kitu. Kwa kweli haikuwa kitu. Hiyo story nilikuwa nimeishi nayo zaidi ya miaka thelathini, na niliyeitunga ni mimi. Ile chupa haikuwa ya Mama Eliya. Ilikuwa yangu. Yeye alijua, mimi nilijua, na sasa yeye alikuwa ndani ya gari la mochari, kwa hiyo nilibaki mimi peke yangu na ulimi wangu. Nikafunga kidole na kipande cha leso, nikaendelea kumenya, na mwaka ule ukanirudia wote, kuanzia kile chumba.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye mdomo mwingi na akili kidogo. Nilikuwa najifunza cherehani kwa Mama Eliya, mwanamke Mluhya wa miaka labda ishirini na saba, lakini mimi nilimwona mzee kabisa. Chumba kilikuwa kimoja, cha mabati, kwenye ploti ya upande wa kwenda Riruta. Pazia la maua liligawanya kitanda na kazi. Mbele ya pazia kulikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia vitambaa, stovu, na mtoto. Eliya alikuwa na miaka mitatu. Makao yake yalikuwa chini ya cherehani ya mamake, kati ya miguu yake, na alijua kuondoa vidole kabla ya kanyagio kushuka. Alicheza na vipande vya vitambaa, akavipa majina ya watu. Kimoja chekundu kilikuwa Pau, ndio mimi, Pauline, na alikuwa anakichapa. Saa nne tulikunywa chai ya rangi na viazi vitamu. Mchana tulikula kunde, au omena nikizipika mimi, na Mama Eliya alikuwa ananitania kwamba Mjaluo akikosa samaki hata sindano haioni.

Babake Eliya alifanya kazi ya mjengo. Alikuwa mtu wa maneno machache, akirudi na vumbi la simiti hadi kwenye nyusi. Alikula akiangalia mlango, na kipande cha kwanza, kiwe ni cha nyama au cha ndizi, kilienda kwenye mdomo wa Eliya. Kisha alimtazama mkewe kama mtu anayeuliza, "Umeona tulichozaa?" Nawaeleza hivi ili mjue ni nyumba gani nilivunja. Haikuwa nyumba ya vita. Nimeolewa miaka mingi tangu wakati huo, na mwanaume wa kuniangalia hivyo juu ya sahani ya kunde sijampata.

Kitu kingine cha chumba kile ni namna Mama Eliya alivyoweka mafuta ya taa. Wakati huo sisi sote tulinunua mafuta kidogo kidogo, kwa chupa ya soda. Yeye hakuweka chupa bila kuifunga. Alisokota kitambaa kilichobaki kwenye kazi, akakishindilia mdomoni mwa chupa, kisha akazungusha uzi mwekundu mara tatu akapiga fundo la meno, lile la kukazwa kwa meno. Halafu akaipandisha juu ya kabati. Mimi nilimcheka. Kwetu chupa huzibwa na gunzi la mahindi, basi, na mimi nilikuwa na mfuko wangu mzima wa magunzi niliyokuja nayo kutoka nyumbani, ya kuwashia jiko na ya kuzibia. "Wewe Pau na magunzi yako," alikuwa akisema, "mtoto akivuta moja, limetoka."

Jumamosi moja asubuhi alitoka kupeleka vitambaa vya kichwa vya akina mama wa kanisa huko Satellite. Vilikuwa vyeupe, vyenye ukingo wa samawati, na mwanamke hakukivaa mpaka kanisa limkubali kwamba ni mama wa heshima. Aliniachia Eliya, akaniambia nikanunue mafuta nianze maharagwe. Nikanunua. Nikaziba na gunzi. Nilipoingia ndani nikasikia nje sauti ya mwanaume mmoja aliyekuwa akiuza maji kwa mkokoteni, mwanaume ambaye sasa hata jina lake silikumbuki, fikiria, na nikaweka chupa chini kando ya cherehani nikatoka. Nilisema natoka dakika moja. Sikumbuki alichoniambia wala nilichocheka. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nacheka niliposikia kikohozi.

Eliya alikuwa amekaa chini ya cherehani na chupa ya soda mapajani. Alidhani ni soda. Kwa nini asidhani? Sote tungedhani. Nikapiga kelele, mwenye ploti akaja mbio na maziwa, kwa sababu hiyo ndiyo dawa sote tulijua, maziwa halafu umtapishe. Nikamnywesha. Nikamtia kidole kooni, mara ya kwanza, mara ya pili, nikimsihi, "Toa Eliya, toa mafuta, toa baba." Alitapika juu ya kile kitambaa chekundu. Hospitalini daktari aliuliza kama mtoto ametapishwa, kisha akasema, bila ukali wowote, kwamba mafuta yakipandishwa ndipo huingia mapafuni. Mama Eliya alikuwa amefika, alikuwa amemshika mguu. Kesho yake mchana akafa.

Wazazi wake walirudi ploti jua likiwa juu ya kichwa. Baba Eliya alikuja na ndugu zake wawili waliofanya naye mjengo, na nyuma yao watu, na nyuma ya hao watu wengine. Alisimama katikati ya chumba na ile chupa mkononi, gunzi bado liko kando yake sakafuni, akaliokota akaliangalia. Akauliza taratibu, "Nani aliacha hii chupa hapa chini?" Nje mtu alikuwa ameshaanza kutaja tairi. Mnajua tairi maana yake nini Nairobi, unavishwa shingoni unachomwa. Nikasema, "Mimi nilikuta iko hapo." Ni maneno manne tu. Sikusema ni Mama Eliya, sikuwa na ujasiri hata wa kusingizia vizuri, lakini aliyeacha kitu chumbani kabla yangu angekuwa nani mwingine?

Mama Eliya alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooka, kama tunavyokaa tukifiwa. Aliinua macho akaangalia chupa. Akaangalia gunzi. Kisha akaniangalia mimi, na sijui aliona nini, kwa sababu nilifunga macho. Akasema, "Ni mimi. Niliiacha nikikimbia kupeleka kazi."

Baba Eliya hakumpiga. Ndugu yake mmoja alitaka, yeye akamzuia mkono. Alichofanya ni kuondoka chumbani, na sikumwona akimwangalia tena. Mimi nilidhani Mama Eliya amechanganyikiwa na uchungu hadi ameamini ni kweli. Nilifurahi. Niseme ukweli kwa sababu sitarudia kuandika haya: moyo wangu ulifurahi. Walipokuwa wanapanga kusafirisha mwili nilichukua nguo zangu nikatoroka.

Nilienda Silanga, Kibera, kwa dada yangu Awino, binti wa mama mkubwa, aliyeuza makaa na sukuma karibu na bwawa. Kwake kila kitu kilikuwa na vumbi la makaa, hadi ugali. Nilimwambia kila kitu usiku wa kwanza, na Awino, ambaye hana maneno laini, akasema nisikanyage Kawangware tena na nisile chochote kinachotoka kwa watu wale. Kwetu, na kwao hilo ni hivyo hivyo, mtu ambaye damu ya mwenzake iko mikononi mwake hali naye chungu kimoja. Wakila pamoja kabla wazee hawajawatakasa, chira inashuka. Unakonda tu, unakonda, hospitali haioni kitu, mpaka unazikwa. Sisi ni watu wa kanisa lakini tuliogopa chira kuliko jehanamu, kwa sababu jehanamu hakuna tuliyemjua aliyewahi kwenda.

Wiki ya tatu, Jumamosi, saa saba hivi, nikasikia hodi. Mama Eliya alisimama mlangoni na sufuria iliyofungwa kwa leso. Alikuwa ametembea kutoka Kawangware. Baadaye nilijua kwamba walipomaliza kumzika Eliya kule nyumbani, wakwe walimwambia asirudi, na mumewe hakusema neno, na alikuja Nairobi na cherehani moja na nguo alizovaa. Siku hiyo sikujua. Nilidhani amekuja kuniua, au amekuja na watu. Nikachungulia nyuma yake, hakukuwa na mtu.

"Umekonda," akaniambia.

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza. Nilikuwa nimejitayarisha kwa laana, kwa kofi, nilikuwa hata nimejitayarisha kupiga magoti. Yeye akakaa kwenye gunia la makaa na nguo yake safi, akafungua leso, ugali na kunde, sahani moja. Nikaanza kusema, "Mama Eliya, mimi..." akanikatiza. "Kula kwanza. Mengine utasema ukishashiba." Akamega tonge, akachovya, akala. Akasukuma sahani upande wangu.

Awino, aliyekuwa anapima makaa mlangoni, akasema kwa lugha yetu bila kugeuka, "Usiguse. Huyo amekuja kula nawe makusudi, chira iwabebe wote wawili. Hana tena cha kupoteza."

Nikaamini. Ingekuwaje nisiamini? Mtu gani hutembea mwendo huo wote kumpelekea chakula aliyemuulia mtoto? Nikasema tumbo linaniuma. Mama Eliya akakubali kwa kichwa, akala kidogo, akaacha sehemu yangu imefunikwa, akaondoka. Awino akaimwaga yote kwenye matope ya bwawa, bata wa jirani wakaipigania. Jumamosi iliyofuata akaja tena. Tumbo likaniuma tena. Iliyofuata, tena. Awino sasa alikuwa anamwita "mchawi wako." Mara ya nne hata sikutoka, nilijificha nyuma ya magunia nikamsikia akimwambia Awino, "Mwambie ni mrenda, anapenda mrenda." Na ni kweli, napenda.

Mara ya tano mvua ilikuwa imenyesha. Alifika matope hadi magotini, kiatu kimoja kimekatika amekifunga kwa ule uzi mwekundu wa cherehani. Awino hakuwepo. Alikaa kwenye gunia lake, akafungua sahani, akamega, akasema yale yale, "Kula kwanza," na kabla hajamaliza kutafuna akalala. Amekaa hivyo hivyo, mgongo umeegemea mabati, mkono kwenye ugali. Nikamwangalia. Miguu ilikuwa imevimba. Kwenye kifua nguo ilikuwa na alama ya pini, pale alipokuwa akibandika sindano ili Eliya asizifikie, na bado alikuwa amezibandika pale, sindano mbili, mtoto hayupo. Mchawi gani huyu anayelala kazini? Nikasema kama ni chira basi ije, tufe wote, mimi siwezi kuona mtu huyu akitembea mara ya sita. Nikamega. Nikala. Nikaanza kulia na chakula kikiwa mdomoni, nikakosa pa kukipeleka.

"Tafuna," akasema, bila kufungua macho.

Jumatatu nilirudi kazini. Alikuwa amehamia chumba kidogo zaidi, upande wa Riruta yenyewe, hakuna pazia kwa sababu hakuna cha kugawanya. Baba Eliya alikuwa amehamia Satellite, si mbali, ungeweza kukutana naye kwenye duka la unga. Walikutana. Hakumpa salamu. Kanisani akina mama walimwita wakamvua kile kitambaa, wakisema mama asiyeweza kulinda mtoto wake hawezi kuongoza wengine, lakini kazi ya kuvishona hawakumnyang'anya, alishona vizuri mno. Kwa hiyo tuliketi mimi naye, mwaka ule mzima, tukikunja ukingo wa samawati kwenye vitambaa vyeupe vya wanawake wengine, na Jumapili alifunga kichwa kwa leso ya kawaida akakaa benchi la nyuma. Mimi nilikaa naye. Watu walisema nina moyo mzuri, kukaa na mwanamke kama huyo. Walisema hivyo mbele yake! Naye akawaitikia, "Ni kweli, Pau ana moyo."

Siku moja mchana mafuta ya taa yaliisha. Nikanunua, nikayaleta, na nikabaki nimesimama katikati ya chumba na chupa iliyo wazi. Mama Eliya akainuka, akainyakua kwa upole, akasokota kitambaa, akashindilia, uzi mwekundu mara tatu, fundo la meno. Mara zote hizo nilikuwa nimemwona akifanya hivyo. Lakini siku hiyo ndipo niliona. Hakuna siku hata moja mwanamke huyu angedhani chupa yenye gunzi ni yake. Hata akiwa na uchungu wa dunia nzima.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua siku ile ile. Nani mwingine kwa hiyo ploti aliziba na gunzi?" Alikuwa ameshakaa kwenye cherehani.

"Mbona basi ulisema ni wewe?"

"Hukusikia watu huko nje? Wewe wangekuchoma. Mimi wangenifukuza tu." Akakanyaga, mshono mmoja mrefu, akakata uzi kwa meno. "Eliya alikuwa ameshakufa, Pau. Nilikuwa nimebaki na wewe."

"Lakini hata sikuwa nimekuomba msamaha. Mpaka leo sijakuomba."

"Na ungeniombaje? Mtu anazama, wewe unashikilia kamba, unangoja akuombe vizuri?" Kisha akaacha kazi akanigeukia, na kwa mara ya kwanza niliona hasira usoni mwake, na nilishukuru kuiona. "Usidhani sikukuchukia. Kila Jumamosi nilikuwa natoka hapa nakuchukia, natembea nakuchukia, naongea peke yangu njiani watu wakidhani nimeshikwa na wazimu. Nilimwambia Mungu siendi kwa huyo msichana, aje yeye kwanza, ndiye mwenye makosa. Akanituma tu. Yule ni mbishi kuliko mimi. Nikifika kwenu nimechoka hata kuchukia siwezi."

Nikasema nitaenda nimwambie Baba Eliya. Nilisema kwa sauti kubwa, nimesimama, kama mtu anayeapa mahakamani. Mama Eliya akaniambia, "Siku ukiweza. Mimi sitakupeleka, na nisipoona umeenda sitakuuliza." Jumapili ile ile nilienda Satellite. Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa akiangalia mlango, kama zamani, na mbele yake mwanamke mwenye mimba akimpakulia. Macho yetu yalikutana. Akasema, "Niaje, Pau, karibu," na mimi nikasema napita tu. Nilirudi Riruta nikasema hayupo. Mama Eliya aliangalia uso wangu, akachukua sahani, akanipakulia.

Hakuniuliza hadi kufa kwake. Mwaka ukaisha, nikapata cherehani yangu, nikaolewa, nikazaa watatu, wote wako hai, mafuta ya taa hayajawahi kuingia nyumbani kwangu. Kila nilipomtembelea nilienda na maneno yale tumboni, na kila mara aliniwahi na sahani. "Umekula? Kula kwanza." Nikala. Nilikula miaka zaidi ya thelathini. Nikishashiba nilisema habari za watoto, habari za bei ya vitambaa, nikaaga. Mara ya mwisho hakuweza kuinuka kitandani. Aliniambia kwa sauti ya chini kuna uji kwenye chupa ya chai, nijimiminie. Nikajimiminia. Ee Mungu, nikajimiminia nikanywa, na nikaenda nyumbani.

Jeneza lilipoingia, pasta alihubiri kwamba Mungu hangoji mtu anawe ndipo amkaribie, kwamba huja mwenyewe, miguu yake mwenyewe, mpaka pale mtu alipojificha. Kipaza sauti kilikuwa kinapiga makelele, watu wakaitikia Amina. Mimi nilikuwa bado na maganda ya viazi kwenye nguo. Nilitaka kusimama niseme pasta, unasoma, mimi niliiona hiyo miguu, ilikuwa imevimba na kiatu kimefungwa na uzi. Ndipo nikamwona Baba Eliya. Alikuwa amezeeka, fimbo mkononi, amekaa kiti cha nyuma kabisa karibu na geti, mtu aliyekuja kwa sababu watu wangeongea asipokuja. Watu walikuwa wameanza kupanga laini ya kutazama mwili. Yeye hakuinuka.

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake, magoti yakalia. "Baba Eliya, ni mimi Pau. Wa cherehani."

"Pau! Umezeeka pia." Akatabasamu kidogo.

"Ile chupa ilikuwa yangu. Mimi ndiye nilinunua mafuta, mimi ndiye niliyaacha chini, nikaenda nje kuongea na mwanaume. Mama Eliya hakuwa ameacha kitu. Alisema ni yeye ili nisiuawe."

Nilitarajia fimbo. Nadhani nilikuwa naitaka. Yeye aliangalia mkono wake wa kulia, akaufungua, akaufunga, kama vile mkono wenyewe unakumbuka kitu ulichoshika.

"Gunzi," akasema.

"Ndiyo."

"Niliishika hiyo chupa. Nililishika gunzi lenyewe." Sauti yake ilikuwa inapungua. "Miaka minne nilimwona akifunga chupa na uzi. Kila siku. Nilikuwa namcheka na hilo fundo la meno. Na nililishika gunzi nikamwangalia, na sikuona."

Akainuka. Nilitaka kumshika mkono akaukwepa, si kwa ukali, alinisahau tu. Akapita kando ya laini yote, watu wakampisha, akafika kwenye jeneza akaweka viganja vyote viwili juu ya kioo cha kumwonea marehemu. "Mama Eliya," akasema. "Haikuwa wewe." Mtangazaji akashusha kipaza sauti. "Haikuwa wewe. Haikuwa wewe." Aliendelea kulisema mpaka likawa si maneno tena, mzee mzima, na hakuna aliyemjibu, kwa sababu wa kumjibu alikuwa chini ya kioo.

Yule wa sweta ya kijani alikuwa kando yangu na mwiko mkononi. "Anasema nini huyo mzee?"

"Anasema marehemu hakuacha ile chupa," nikamwambia. "Na ni kweli. Ni mimi niliiacha. Nendeni mkawaambie wote, na mkimaliza mumvike kitambaa chake."

Aliniangalia, kisha akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, na wale wenzake wakasogea pamoja naye. Sikuwalaumu. Walikuwa wanapakua chakula, watu wakipita na sahani, na nilipokaribia meza nafasi ikafunguka kunizunguka. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyeniambia kula. Nikachukua sahani mwenyewe, nikapakua ugali, nikapakua vile viazi vidogo nilivyomenya, kimoja nadhani kilikuwa na damu yangu, nikaenda nikakaa kwenye ndoo yangu nyuma ya kanisa. Nilikuwa nimeshasema, hatimaye, yote, na aliyengoja kuyasikia hayupo, na Baba Eliya bado namsikia upande wa mbele. Nilishika tonge muda mrefu. Kisha nikala, polepole, nikatafuna, mpaka sahani ikaisha, kwa sababu chakula kile nilikuwa nimepakuliwa zamani, kwenye gunia la makaa, kabla sijasema neno.